Meza ya Mchunaji: Risasi ya Uzito Gani kwa Ayala?

Oktoba ikishaingia hapa Minnesota, barua zenu hubadilika. Zile za mbuzi wa Iddi na za kuchemsha kongoro bila jirani kulalamikia harufu hupungua, zinakuja za bunduki. Mwezi huu nimepokea tano, na karibu zote zinauliza jambo lilelile kwa midomo tofauti: risasi ya uzito gani? Nimeona nizijibu kwa mkupuo mmoja.

Kwa wageni wa ukurasa huu, mimi ni mtu wa Tunduru. Ujanani nilikuwa mfuata nyayo wa wawindaji wenye vibali kusini mwa Tanzania. Tangu 2005 niko huku kwa binti yangu, na kila Novemba nasimama kwenye kibanda cha kukata nyama kilicho nyuma ya shamba la mzee mmoja, nachuna ngozi. Siku nzito nachuna hata ishirini. Wauza bunduki wanaijua risasi inakotokea. Mimi naijua inakoishia, maana ndipo ninapoikuta kwa ncha ya kisu.

Na jambo la jina kwanza. Wengi mmeandika "dia". Kwetu dia ni fidia ya damu ya mtu, na sipendi kusikia watu wanaila na ugali. Biblia ya Kiswahili inamwita mnyama huyu ayala, nami nitamwita hivyo. Ninayemsema ni yule mwenye mkia mweupe kwa chini, anayeuinua kama leso anapokukimbia.

*Mzee, shikamoo. Mimi ni Mkenya wa Nakuru, niko St. Cloud mwaka wa nane sasa. Nimemaliza mafunzo ya uwindaji na nimenunua bunduki ya bolti, .308. Nilipokwenda kununua risasi nikakuta rafu nzima: 150, 165, 168, 180. Muuzaji akaniambia nichukue 180, ati nzito ndiyo inayoua. Jirani yangu Mmarekani, mwindaji wa siku nyingi, akasema 150, tena akacheka. Nilirudi nyumbani mikono mitupu. Nani mkweli?*

Marahaba, mwanangu. Jirani ana haki zaidi, ila muuzaji naye hajasema uongo wa kumfunga mtu.

Tuanze na hizo namba. Ni greni, na greni maana yake ni punje: kipimo cha kale kilichotokana na punje ya shayiri. Ratili moja ina greni 7,000. Uzito unaouona kwenye boksi ni wa kichwa tu, kile kipande kinachoruka. Ganda, baruti na fataki inayoiwasha havimo kwenye hesabu hiyo. Sasa toa mfukoni sarafu ya Marekani ya senti tano, ina gramu 5 kamili. Kichwa cha greni 150 ni gramu 9.7, pungufu kidogo ya sarafu mbili. Cha 180 ni gramu 11.7. Tofauti yao haifiki gramu mbili, na sarafu ya senti moja ina gramu 2.5. Muuzaji na jirani wako wanagombania kitu chepesi kuliko senti.

Kwenye .308 (namba hizi zenye nukta ni majina ya aina za risasi, kila bunduki na yake), kichwa cha 150 hutoka mtutuni kwa takriban mita 860 kwa sekunde, cha 180 kwa takriban mita 800. Chepesi kina mbio, kizito kina mzigo. Ukikokotoa nguvu zao, cha kwanza kina kama juli 3,600 na cha pili kama juli 3,700. Hapo hakuna aliyemshinda mwenzake.

Kinachobadilika ni teke la bunduki, ambalo kwa 180 huongezeka kidogo begani mwako, na namna kichwa kinavyofunguka. Hili la pili ndilo langu, kwa sababu ndilo ninalolikuta mezani.

Kichwa cha kuwindia kinatakiwa kikigusa mwili ncha ipasuke na kutanuka kama uyoga, kipite mapafuni kikikata njia pana, kisha kitokee upande wa pili. Watu hudhani ayala ni mnene kwa sababu wanamtazama ubavuni. Mtazame kwa mbele anaponing'inia: dume wa kilo 80, kifua chake hakifiki futi moja na nusu kutoka ubavu hadi ubavu, na ndani mna mapafu, yaani hewa nyingi na nyama kidogo. Kichwa kigumu, kilichotengenezwa kwa ajili ya mnyama mwenye mifupa minene, hakipati cha kukifungua mle ndani. Kinapita kama sindano kwenye khanga.

Kwa hiyo mezani naona hivi. Aliyepigwa greni 150 ya ncha laini, yaani iliyoachwa madini laini wazi puani, nyuma ya bega: tundu la kuingilia linaenea kidole, la kutokea ni kama kifuniko cha soda, na mapafu yamekuwa uji. Huyo mwenyewe huniambia alikimbia hatua hamsini akaanguka. Aliyepigwa 180 ya kawaida, ncha laini vilevile: karibu sawasawa, tofauti naitafuta siioni. Aliyepigwa 180 ya koti nene la shaba, zile za bei ambazo kiini chake kimegandishwa kwenye koti lake kisiachane nalo: safari nyingine tundu la kutokea ni dogo na ngozi imekauka, haikumwaga damu nje. Unaona basi kwamba hizi mbili zina namba moja kwenye boksi na kazi zao si moja? Ndiyo maana nikiulizwa uzito, mimi huuliza kwanza kichwa kimetengenezwa vipi.

Nilijifunza hili kwa aibu. Novemba 2006, msimu wangu wa pili, mtu niliyefanya naye kazi aliniazima .30-06. Nikaenda dukani na akili ya Tunduru. Kule nilizoea kuona wageni wakibeba vichwa vya greni 300 kwa ajili ya nyati, nikajisemea kuwinda na cha 150 ni uchoyo. Nikachukua 220, vigumu, butu, vizito kuliko vyote rafuni. Dume akatoka kwenye mierezi saa kumi na nusu jioni, yadi 60. Nikampiga nyuma ya bega, pazuri kabisa. Akaruka, akaondoka kama mtu aliyekumbuka sufuria jikoni. Damu ilikuwa tone moja, hatua kumi, tone jingine. Theluji ilikuwa haijaanguka. Mimi niliyekuwa nikilipwa kwa kufuata nyayo nilitambaa na tochi kwenye majani makavu hadi saa tatu usiku, nikashindwa. Asubuhi nikamkuta mita 200 kutoka niliposimama, amekufa tangu jana yake, na wale mbweha wa huku, koyote, wamemaliza mapaja yote mawili. Nilipochuna kilichobaki nikaingiza kidole cha shahada kwenye tundu la kuingilia, kikalijaza. Nikakiingiza kwenye la kutokea, kikalijaza vilevile. Kichwa kile kilikuwa cha dubu, si cha mnyama mwembamba wa yadi 60.

Sasa la kufanya. Nunua boksi moja la 150 na moja la 165, yote ya ncha laini ya kawaida au ya ncha ya plastiki, yaliyoandikwa kwamba ni ya ayala. Acha 168. Mara nyingi hizo ni za mashindano, zina katundu kadogo kwenye ncha, zimetengenezwa kutoboa karatasi mahali palepale, wala hakuna aliyeahidi kwamba zitafunguka ndani ya mnyama. Nenda kwenye uwanja wa shabaha, weka bunduki juu ya mfuko wa mchanga, piga tatu za aina moja kwa yadi 100, uache mtutu upoe, kisha tatu za aina ya pili. Kila bunduki ina chakula chake. Yangu ya sasa, .308 kama yako, inaweka 165 tatu ndani ya kifuniko cha chupa ya asali, na 150 za kiwanda hichohicho inazitawanya kama kuku waliorushiwa jiwe. Sijui inataka nini, naitii tu. Zile zitakazokaribiana ndizo zako. Rekebisha darubini kwa hizo na usibadilishe boksi katikati ya msimu, maana ukihama kutoka 150 kwenda 180 matundu yatahama pia.

180 nunua siku utakayokwenda Montana kutafuta elki, yule binamu mkubwa wa ayala. Na ukienda, uniletee sarara.

*Mzee, mimi ni nesi, nimezaliwa Mombasa, naishi hapa Minneapolis. Mume wangu huleta nyama ya ayala, na tuna mtoto wa miaka miwili. Kazini nimesikia kwamba nyama hii huwa na madini ya risasi. Je, tukipunguza uzito wa risasi madini nayo yatapungua?*

Hapana, dada, na huenda yakaongezeka. Lugha yetu imeliweka jambo lako wazi: metali ni risasi na kinachotoka mtutuni ni risasi. Kichwa cha kawaida ni risasi laini iliyovishwa koti la shaba. Kikipasuka, ile risasi ya ndani humomonyoka vipande, na vingine ni vidogo kuliko chembe ya chumvi. Kichwa chepesi chenye mbio ndicho kinachomomonyoka zaidi, hasa kikigonga mfupa kwa karibu.

Mwaka 2008 Idara ya Maliasili ya Minnesota ilipiga risasi mizoga ya kondoo kwa vichwa vya aina mbalimbali, kisha ikaipiga picha za eksirei. Vipande vingine vilikutwa hadi inchi 18 kutoka njia ya risasi. Pima kwa rula: kutoka ubavuni unafika kwenye sarara, na sarara ndiyo mnayoipenda wote. Na kusuuza kwa maji kulivisambaza badala ya kuviondoa. Tangu nilipoyasoma hayo mimi hukata nyama yote iliyovilia damu, na kiganja kizima zaidi ya hapo, nikatupa. Wateja hununa. Mmoja aliniambia nimemuibia bega, nikamwonyesha ndoo.

Kwa nyumba yenye mtoto mdogo ningemwambia mume ahamie kwenye vichwa vya shaba tupu. Vinafunguka kwa petali nne au sita, vinabaki na karibu uzito wake wote, na ninapochuna aliyepigwa kwa shaba sioni lile wingu la damu nyeusi begani. California ilishapiga marufuku risasi za madini hayo kwa uwindaji wote tangu Julai 1, 2019. Huku bado ni hiari karibu kote.

Na hapa ndipo uzito unapoingia kwa kweli. Shaba ni nyepesi kuliko risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba cha greni 165 ni kirefu kuliko cha risasi cha greni 165. Kirefu kinahitaji kuzungushwa kwa kasi zaidi ndani ya mtutu ili kisiyumbe hewani, na tena shaba hupenda mbio ili ifunguke. Mwambie ashuke ngazi moja: kama alikuwa akitumia 165, achukue 150 au hata 130 ya shaba. Haitamwangusha. Hadi hapo atakapobadilisha, usagaji wa nyama ya mtoto ufanyike kutoka paja la nyuma, mbali na tundu.

*Jambo Baba. Mie niko Bowling Green, Kentucky, tulitokaka Uvira. Muzee mumoja wa kanisa yetu amenipa bunduki yake ya zamani ya .30-30, ile ya kuvuta mukono chini. Nimeona risasi zake ziko butu sana. Naweza kutia zenye ncha kali, ndiyo zifike mbali?*

Usithubutu, mwanangu. Acha kusoma hapo kwanza, nenda ukaangalie ulichoweka ndani.

Bunduki hiyo hubeba risasi zake kwenye bomba lililo chini ya mtutu, moja nyuma ya nyingine, pua ya hii ikiegemea kitako cha ile. Kwenye kitako ndipo fataki ilipo. Ukiweka ncha kali ya chuma, kila bunduki inapopiga teke umeweka msumari juu ya fataki na kuugonga. Inaweza kulipuka yote mkononi mwako. Ndiyo sababu vichwa vyake ni butu tangu 1895 risasi hiyo ilipotoka. Siku hizi zipo zenye ncha kali ya plastiki laini inayobonyea, zilizotengenezwa mahsusi kwa mabomba hayo, na boksi litasema hivyo. Kama boksi halisemi, ni butu tu.

Uzito wake wa kawaida ni wa aina mbili, 150 na 170, na ukinilazimisha nitasema 170, kwa kuwa ni risasi ya mwendo wa taratibu, haipasui nyama, na hutokea upande wa pili. Lakini 150 haina kosa. Kutaka ifike mbali ni kuitaka isiyokuwa. Ni bunduki ya msituni, ya yadi 100 hadi 150, na katika vichaka vya Kentucky huoni zaidi ya hapo. Mshukuru mzee wako. Nimechuna ayala wengi wa .30-30, na ndio walio safi kuliko wa hizi bunduki mpya zenye darubini kama chupa ya chai.

*Shikamoo Mzee. Binti yetu ana miaka 13, mwembamba kama mimi nilivyokuwa, na anataka kuwinda na baba yake. Baba anataka ampe .223 aliyonayo, kwa risasi za greni 55 alizozinunua kwa wingi. Nikibisha ananiambia Karamojo Bell aliua tembo kwa bunduki ndogo, sembuse ayala. Mimi nimeelewa .243 ni bora. Tuamulie. Mama wa Rochester, Minnesota.*

Marahaba, mama. Mwambie baba watoto kwamba Bell namjua, na hadithi yake haimsaidii.

Ni kweli yule Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa Mauser ya milimita 7. Bunduki ndogo, ndiyo. Lakini kichwa chake kilikuwa cha greni 173: kirefu, kigumu, kizito kupita kiasi kwa wembamba wake, na kilizama bila kupinda. Kisha Bell alikata mafuvu ya tembo kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi ukiutazama kutoka kila upande. Binti yako hajakata fuvu lolote. Na greni 55 ni gramu tatu na nusu, chini ya theluthi moja ya kile cha Bell.

Sheria nayo. Minnesota inaruhusu kuanzia kipenyo cha .22, kwa hiyo .223 yenyewe ina ruhusa. Ila kichwa lazima kiwe cha kutanuka. Hizo alizozinunua kwa wingi, aangalie ncha: kama imefunikwa shaba nzima, mviringo na inang'aa, ni za mazoezi, na ni kosa kuwindia ayala. Zikiwa na ncha laini, huenda ni za kuulia mbweha na panya buku wa mashambani, zilizotengenezwa zipasuke papo hapo.

Za namna hii nimezikuta. Miaka mitatu iliyopita waliniletea jike, mnono, aliyepigwa vizuri mapafuni asubuhi ileile. Nilipofika begani kisu kikasita. Chini ya ngozi kulikuwa na usaha mweupe mzito, na chini ya usaha bapa la bega limevunjika kama sahani. Vipande vya koti la shaba vilijaa pale juujuu, kina cha vidole viwili, hakuna hata kimoja kilichofika mbavuni. Mtu mwingine alimpiga siku kadhaa kabla, kwa kichwa chepesi kilichopasukia kwenye mfupa, akaenda nyumbani akidhani amekosa. Jike alikuwa akitembea na miguu mitatu tangu siku hiyo. Mwenye nyama alisimama kando yangu, hakusema kitu, akatoka nje kuvuta sigara.

Kwa hiyo nakupa ushindi, mama. .243 yenye kichwa cha greni 95 au 100, ncha laini. Teke lake ni kama nusu ya lile la .30-06, na mtoto asiyeogopa teke hafumbi macho anapovuta kifyatulio. Usimnunulie zile za greni 58 au 70, hata kama ni rahisi, ni za mbweha. Na kama baba atashikilia .223 yake kwa sababu ya fedha, basi anunue greni 60 na kuendelea zilizoandikwa ni za ayala, kwanza akiangalia maandishi kwenye mtutu: kama mifereji yake ya ndani inazunguka mara moja kwa inchi 12, kama zilivyokuwa nyingi za zamani, vichwa virefu vizito vitayumba hewani na kugonga karatasi kwa ubavu. Atayajua matundu hayo, yatakuwa na umbo la tundu la ufunguo. Na binti asipige zaidi ya yadi 100, akiwa ameegemeza bunduki, mnyama akiwa amesimama ubavu. Asiye tayari kusubiri hivyo abaki kitandani, baba au binti.

*Ami, assalaam aleikum. Sisi ni Wabarawa wa Columbus, Ohio. Vijana wetu wameanza kuwinda. Huku tumeambiwa tutumie bunduki ya marisau kwa risasi moja nzima, au zile za ganda lililonyooka, nao wamechagua .350 Legend. Kuna 150 na kuna 180. Ipi itatuachia nyama iliyo halali?*

Wa aleikum salaam. Ami yenu alisoma madrasa hadi juzuu ya Amma akakimbilia porini, kwa hiyo la halali mfikishieni shehe wenu. Wanazuoni wamehitilafiana juu ya mnyama aliyekufa kwa risasi: wako wanaoiona kama mshale unaotoboa, na wako wa kale walioiona kama kitu kinachoua kwa kishindo. Nilichofundishwa mimi na wawindaji Waislamu wa Tunduru ni kupiga bismillahi wakati wa kuvuta kifyatulio, wala si baada ya kuona ameanguka, na kuchinja ukimkuta yu hai.

Kwa uzito nitachagua 180. Ganda hilo lililonyooka halina baruti nyingi, kichwa cha 150 hutoka kwa kama mita 700 kwa sekunde na cha 180 kwa kama 640. Mwendo huo ni mdogo, hakuna kupasuka ovyo, na kizito hutokea upande wa pili bila shida ndani ya yadi 150. Matundu mawili yanamwaga damu njiani, nanyi mtamfikia mapema. Ila msidhani 150 ni dhaifu. Wala msiidharau ile ya marisau: risasi moja nzima ya wakia moja ni greni 437 na nusu, zaidi ya gramu 28. Hiyo inaua, na inateka bega lako kwa wiki nzima.

Mkitaka kumfikia akiwa hai, lakini asiwe ameteseka, hapo mnataka vitu viwili vinavyovutana, na sina risasi ya kuvipatanisha. Wapigeni mapafuni. Msiache risasi ikapita tumboni kwa tamaa ya kumkuta anapumua, maana hapo nyama yote inakuwa na harufu ya samadi. Mnapomkaribia pitieni nyuma yake, mguseni jicho kwa kijiti kirefu. Likipepesa, kisu kitoke mkandani haraka. Kisiwe kwenye gari.

Na mmoja wenu akitaka kichwa chenye pembe kikae ukutani sebuleni, mwambieni aamue kabla hajaingia msituni. Aliyechinjwa ngozi ya shingo imekatika palepale inapotakiwa kuonekana, na fundi wa kukausha wanyama atamrudisha mlangoni. Ninaye mteja, mtu wa Lamu, ameweka pembe peke yake juu ya televisheni, na kila mgeni akiingia anaeleza upya shingo ilikokwenda.